Mfupa Umeungwa, Mtu Je?



Ziko dhuluma zenye kelele na ziko dhuluma za kimya. Ardhi ikiporwa, kijiji kizima husikia. Mishahara isipolipwa, wafanyakazi hukusanyika mlangoni pa mwajiri. Lakini mtu akilazwa katika wodi ya mifupa, akapasuliwa, akafungwa, kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani bila kuelezwa kilichovunjika, kilichofanywa wala kitakachofuata, hakuna anayekusanyika popote. Yeye mwenyewe hushukuru. Ndugu zake hushukuru. Nasi tunaendelea na shughuli zetu, tukidhani kwamba haki imetendeka kwa kuwa mfupa umeungwa.

Nia ya makala hii ni kuipinga dhana hiyo. Nasema wazi tangu mwanzo: daktari wa upasuaji wa mifupa aliyeunga mfupa bila kumweleza mwenye mfupa amefanya nusu ya kazi yake. Ile nusu aliyoiacha si pambo la adabu ambalo mtu aweza kuliongeza akiwa na nafasi. Ni sehemu ya tiba yenyewe, na kumnyima mgonjwa sehemu hiyo ni kumnyima haki yake.

Yanayotendeka wodini

Wale wanaozuru wodi mara kwa mara, wawe mapadre, masista au wanajumuiya wanaohudumia wagonjwa, wanayafahamu haya. Kijana aliyeanguka na bodaboda amelala chali, mguu wake umevutwa kwa kamba na uzito. Asubuhi daktari bingwa hupita akifuatwa na msururu wa wanafunzi na wauguzi. Husimama upande wa miguu ya kitanda, si upande wa kichwa. Picha ya eksirei huinuliwa kwenye mwanga wa dirisha. Maneno husemwa kwa Kiingereza, mmoja huandika katika faili, kisha msafara husonga mbele. Mgonjwa humgeukia mwenzake wa kitanda cha jirani na kumwuliza, "Wamesemaje?" Na jirani, ambaye naye hajui, hutoa tafsiri yake. Hivyo ndivyo habari za mwili wa mtu zinavyomfikia mwenyewe, kwa njia ya uvumi.

Mzee mwenye umri wa miaka sabini aliyevunjika nyonga, ambaye kijijini kwake hakuna kijana awezaye kumpita bila kumwamkia, humo wodini huitwa "yule wa nyonga" au "kitanda namba nne". Hapewi shikamoo wala haulizwi kama amelala vema. Jina lake limebaki kwenye faili, na faili limebaki kwa muuguzi.

Usiku wa kuamkia siku ya upasuaji huletwa karatasi. Mara nyingi imeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Huambiwa, "Weka sahihi hapa." Asiyejua kuandika huchovya kidole gumba katika wino. Hiyo ndiyo inayoitwa ridhaa. Lakini ameridhia nini? Hajui kama atawekewa chuma. Hajui kama chuma hicho kitabaki mwilini mwake daima ama kitatolewa. Hajui kama iko njia nyingine, wala hajui nini kitatokea akikataa.

Mkulima akiweka dole gumba kwenye mkataba wa kuuza shamba ambao hakusomewa, sisi wa Haki na Amani husema kwamba huo si mkataba bali ni hila, na humtafutia msaidizi wa sheria. Je, mguu wake una thamani ndogo kuliko shamba lake? Kwa nini dole gumba lile lile liwe batili penye ardhi, na liwe halali penye mwili?

Neno ni sehemu ya tiba

Pengine yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya hisia tu, na kwamba kazi ya daktari wa mifupa ni mifupa. Basi tuitazame kazi yenyewe.

Mtoto amevunjika mkono, amefungwa hogo, au P.O.P. kama wanavyoliita wauguzi. Kiungo kilichovunjika huvimba, hasa katika siku mbili za kwanza, na hogo halitanuki. Uvimbe ukizidi ndani ya hogo lililobana, damu hushindwa kuifikia misuli na mishipa ya fahamu, na misuli hiyo yaweza kufa katika muda wa saa chache tu. Dalili zake ni bayana: maumivu yanayozidi badala ya kupungua hata baada ya kumeza dawa, maumivu makali vidole vinaponyooshwa, vidole kuvimba, kufa ganzi, kuwa vya baridi au kubadilika rangi. Mama aliyeelezwa hayo atamrudisha mtoto hospitalini usiku huohuo, hogo litapasuliwa, na mkono utaokolewa. Mama ambaye hakuelezwa atampa mtoto dawa ya kutuliza maumivu, atambembeleza, na atasubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Tarehe hiyo ikifika, vidole vimekwisha kukunjamana kama makucha, na mkono huo hautashika jembe wala kalamu sawasawa maisha yake yote.

Kati ya mama hawa wawili tofauti si dawa wala kifaa. Hogo ni lile lile, na aliyelifunga ni yule yule. Tofauti ni maneno ya dakika moja.

Au tumtazame mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Njia itumikayo leo katika nchi nyingi ni ile ya Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi zake Iowa, nchini Marekani. Mguu hunyooshwa kidogokidogo kwa mahogo yanayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, na mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo ili kisigino kishuke. Kisha mtoto huvalishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ufito: saa 23 kila siku kwa miezi 3 ya kwanza, halafu wakati wa kulala tu mpaka afikishe umri wa miaka 4 hivi. Tupime sasa. Kazi ya mikono ya daktari ni ya wiki chache, bali kazi ya mama ni ya miaka. Mama asipoelezwa sababu ya viatu hivyo, ataona mguu umenyooka, atamhurumia mtoto anayelia usiku, atavivua na kuviweka chini ya kitanda. Nyayo zitarudi kupinda. Naye daktari atamlaumu mama kwamba ni mzembe, ilhali kazi ya kumwelimisha mama huyo ilikuwa yake.

Basi, tusiambiwe tena kwamba kueleza ni jambo la nyongeza. Katika tiba ya mifupa, mgonjwa na jamaa zake ndio wanaoikamilisha kazi nyumbani: hujua lini kukanyaga na lini kutokanyaga, zoezi gani lifanywe ili goti lisigande, na dalili gani ya kidonda irudishwe hospitali bila kungoja. Daktari asiyesema nao ni sawa na fundi aliyejenga nusu ya ukuta, akaondoka bila kuwaachia wenye nyumba kipimo cha nusu iliyobaki.

Funzo la Muhimbili na la Ifakara

Mwezi Novemba mwaka 2007 nchi yetu ilitikiswa na habari iliyotoka katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, jijini Dar es Salaam. Wagonjwa wawili waliokuwa na jina moja la kwanza walibadilishwa. Aliyekuja kwa ajili ya goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuja kwa ajili ya kichwa alipasuliwa mguu. Huyu wa pili baadaye alifariki dunia. Mwaka 2018 majirani zetu walipata msiba wa namna hiyo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ambako mtu alifunguliwa fuvu la kichwa kwa tatizo ambalo lilikuwa la mgonjwa mwingine.

Sikumbushi mambo haya ili kuwatonesha vidonda waliofiwa, wala kuwahukumu upya wale waliokwisha kuhojiwa na wakubwa wao. Nayakumbusha kwa sababu yanatufundisha mahali ambapo ukimya huishia. Pale ambapo mgonjwa amezoeshwa kutoulizwa na kutouliza, faili humsemea. Na faili likikosea, hakuna wa kulisahihisha.

Dawa ya kosa hilo imekwisha kupatikana, na sehemu yake moja ilijaribiwa hapa nchini. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi kwa ajili ya vyumba vya upasuaji. Ina vipengele 19 na husomwa mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Jambo la kwanza katika orodha hiyo ni kwamba mgonjwa mwenyewe athibitishe jina lake, mahali atakapopasuliwa, upasuaji anaofanyiwa, na kwamba ameridhia. Hospitali nane za dunia ziliijaribu: za London, Seattle, Toronto, Auckland, New Delhi, Manila na Amman, pamoja na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Katika hospitali hizo nane kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Tuyatafakari matokeo hayo. Mashine mpya hazikununuliwa ili kuyapata. Watu walisimama kidogo, wakaulizana kwa sauti, na wakamwuliza mgonjwa. Jambo lililowezekana Ifakara, katika hospitali ya Kanisa iliyo mbali na jiji, haliwezi kuitwa anasa ya Wazungu.

Visingizio vinne

Kisingizio cha kwanza husema: "Hawa ni watu wasiosoma, hawataelewa." Hilo ni tusi lililovikwa koti jeupe. Mkulima ajuaye kupandikiza mche na kufunga jeraha la mti ataelewa kabisa mfupa unavyoungana akielezwa kwa Kiswahili cha kawaida. Anayeshindwa hapo si msikilizaji. Ni msemaji aliyesomea jambo kwa lugha ya kigeni na hajajitaabisha kulifikiri kwa lugha ya mama yake. Wenzetu wa Kenya wameliweka hili katika Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017: mtoa huduma anatakiwa amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa, na inapowezekana afanye hivyo kwa lugha anayoifahamu na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu.

Kisingizio cha pili husema: "Wagonjwa ni wengi, madaktari ni wachache." Hili ni kweli, na mwenye haki hana budi kulikiri. Madaktari wetu wa mifupa wanafanya kazi kubwa kuliko nguvu zao, na wako wengi miongoni mwao ambao huketi kando ya kitanda na kuzungumza na mgonjwa kama ndugu. Hao tunawaheshimu, na mfano wao unathibitisha kwamba jambo hili lawezekana. Lakini uchache hauelezi kwa nini maneno yaliyokwisha kusemwa kwa Kiingereza mbele ya kitanda yasirudiwe kwa Kiswahili. Tena asiyeeleza haokoi muda. Wagonjwa wake humrudia na vidonda vilivyooza, mifupa iliyounga vibaya na viungo vilivyoganda, na foleni yake huzidi kurefuka.

Kisingizio cha tatu husema: "Tukimweleza atatishika." Mgonjwa tayari ametishika. Anayemwacha gizani hamwondolei hofu, humwachia aipambe mwenyewe. Fikirini mtu ambaye mguu wake hauna budi kukatwa. Je, aambiwe, alie, aulize, aombe mtaalamu wa pili auangalie, aitiwe mkewe na padre wake, aletewe mtu aliyekatwa mguu kabla yake ambaye leo anatembea kwa mguu wa bandia? Au jamaa zake waitwe pembeni, waweke sahihi, naye azinduke katika usingizi wa dawa na kupapasa shuka palipokuwa mguu? Hakuna upole katika njia hii ya pili. Ni woga wa mwenye kusema, umepewa jina la huruma.

Kisingizio cha nne ni malalamiko: "Watu hawa hutoroka wodini na kukimbilia kwa waganga wa jadi." Ni kweli wapo wanaotoroka, na wengine hurudi wakiwa katika hali mbaya zaidi, kwa maana vibanzi vilivyokazwa mno huweza kuua kiungo. Lakini tujiulize wanachokifuata huko. Mhazigi wa kijijini, yaani muunga mifupa wa jadi, hana eksirei wala dawa ya usingizi. Ila humkaribisha mgonjwa, humwuliza aliangukaje, humtaja kwa jina, huwaambia ndugu zake siku ngapi zitapita na bei yake ni kiasi gani. Mtu hutoka pale penye elimu na ukimya, akaenda pale penye ujinga na maneno. Hospitali isiyosema ndiyo inayompelekea mhazigi wateja.

Nao umaskini tusiusingizie kila jambo. Liko shirika liitwalo SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, ambalo hutoa kwa hospitali za nchi maskini vyuma vya kuunga mifupa mirefu. Madaktari wetu wamejifunza kuvitumia hata pale pasipo na mashine ya eksirei katika chumba cha upasuaji. Kijana ambaye zamani angelala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito, leo aweza kusimama mapema. Chuma kimevuka bahari na kutufikia kwa msaada wa wafadhili. Kumweleza kijana huyo ni chuma gani kimo pajani mwake, hilo halihitaji mfadhili.

Na sisi je?

Ingekuwa rahisi kuwalaumu madaktari na kuishia hapo. Lakini ukimya una pande mbili. Sisi waamini tumelelewa kumwona daktari kama mtu asiyeulizwa. Tumeuita woga huo heshima. Na mambo yakiharibika, haraka tunasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Ndugu, tuwe waangalifu. Mkono uliokunjamana kwa sababu hogo lilibana na mama hakuambiwa haukukunjwa na Mungu. Kumbebesha Mungu uzembe wa wanadamu si imani. Kwa maneno hayo tunawapa wazembe kinga, na tunaacha mtoto wa pili na wa tatu apatwe na yale yale.

Tena hospitali nyingi nchini ni za Kanisa, nazo zisijitoe katika lawama hii. Bwana wetu alimwuliza yule kipofu wa Yeriko anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulikuwa dhahiri kwa kila mtu aliyekuwapo njiani. Hakumponya kama kitu, alimwuliza kama mtu. Hospitali iliyotundika msalaba ukutani na kumfanya mgonjwa atie dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa haijausoma msalaba huo. Maaskofu na mabaraza yanayozisimamia wana uwezo wa kuamuru kesho asubuhi kwamba fomu za ridhaa ziwe kwa Kiswahili na zisomwe kwa sauti mbele ya mgonjwa na shahidi wake.

Tufanye nini?

Kwanza, mgonjwa asiende peke yake. Kila jumuiya iwe na mtu mmoja au wawili wanaojua kusoma na kuandika, wasioona haya kuuliza, watakaomsindikiza mgonjwa siku ya kuonana na daktari na kuandika majibu.

Pili, tuyajue maswali ya kuuliza, na tuyaulize kwa adabu bila kurudi nyuma. Kimevunjika nini? Mnataka kufanya nini, na kuna njia gani nyingine? Hatari zake ni zipi, na gharama yote ni kiasi gani? Nikifika nyumbani nifanye nini na nisifanye nini? Dalili gani zikionekana nirudi hapa mara moja, hata kama ni usiku?

Tatu, mtu asitie sahihi wala dole kwenye karatasi ambayo hakusomewa kwa lugha anayoielewa. Hayo si matata. Daktari mwema atafurahi, kwa sababu ridhaa ya kweli humlinda yeye pia.

Nne, aliyeumizwa asinyamaze. Aanze na mganga mkuu wa hospitali husika kwa barua yenye tarehe na maelezo ya ukweli mtupu, na nakala abaki nayo. Asipojibiwa, liko Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo husimamia maadili ya madaktari kwa mujibu wa sheria. Lengo si kulipiza kisasi, ila kuhakikisha kwamba yaliyompata hayampati mwingine.

Tano, tuwashukuru hadharani wale wanaotenda vema. Daktari anayeketi, anayeamkia wazee, anayechora mfupa kwenye karatasi ili mgonjwa auone, na asikie habari zake zikisemwa vizuri. Wema usiosifiwa hauigwi.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya ndogondogo

1. Ni nani katika jumuiya yetu aliyetibiwa mfupa katika miaka ya karibuni? Je, aliambiwa nini, na ni nini alichotamani kuambiwa?

2. Je, tunaona haya au woga kumwuliza daktari? Woga huo unatoka wapi?

3. Katika zahanati na hospitali zilizo karibu nasi, zikiwamo za Kanisa, fomu za ridhaa ziko kwa lugha gani? Nani atakwenda kuulizia, na ataleta jibu siku gani?

4. Tumchague nani wa kuwasindikiza wagonjwa wetu, naye aanze lini?